Bagamoyo au Pangani: uende wapi?

Kwa usafiri, Bagamoyo inashinda bila ubishi. Iko kilomita 70 hivi kaskazini mwa Dar es Salaam, barabara ni ya lami, daladala hazikosi, na mtu anaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Pangani iko kusini mwa Tanga. Ukitokea Dar, nauli inaongezeka na sharti ulale.

Historia? Hapa ndipo ubishi ulipo. Bagamoyo ina magofu ya Kaole, Ngome Kongwe na misheni ya Wakatoliki ya mwaka 1868, tena waongozaji wapo tayari. Pangani majengo mengi ya kale yanabomoka huku tukitazama, na inauma, kwa sababu upinzani wa Abushiri dhidi ya Wajerumani ulianzia hapo mwaka 1888.

Kwa bahari naipendelea Pangani. Mto unaingia baharini pale pale mjini, pantoni inavusha watu kwenda Bweni, na mashua za wageni huenda kisiwa cha Maziwe, fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Basi uliza saa za kupwa kabla ya kulipia. Samaki wabichi utawapata kote; Bagamoyo mnada wa ufukweni una shamrashamra zaidi.

Mwenye watoto wadogo au siku moja tu ya mapumziko, Bagamoyo itamfaa. Mwenye siku tatu na hamu ya utulivu apande basi la Tanga.