Skrini ya matangazo: nunua ile inayoamka yenyewe umeme ukirudi

Malalamiko yanayonifikia kuhusu skrini za matangazo yanafanana, yatoke dukani, mapokezi ya hoteli au kliniki. Asubuhi skrini ni nyeusi, au imeandika "No signal", au inaonyesha menyu ya Android mbele ya wateja. Watu hao walipokwenda kununua waliulizia 4K na inchi. Mambo hayo siyagusi hapa, maana karibu kila kifaa cha leo kinacheza 1080p (Full HD) vizuri.

Mimi naulizia jambo moja. Umeme umekatika saa nane usiku, umerudi saa kumi, na ofisini hakuna mtu. Je, saa mbili asubuhi video itakuwa inacheza? Ili hilo litokee, TV lazima iwake yenyewe, irudi kwenye HDMI ileile, na kifaa cha kuchezea video kianze kazi bila kuguswa. Likikwama moja kati ya hayo, huna tangazo. Kwa kipimo hicho nimevipanga vifaa hivi, ninachokipendelea zaidi kikiwa juu.

1. BrightSign, kifaa kidogo cha kuchezea video kinachochomekwa kwenye skrini. Nakipendelea waziwazi. Kikipata umeme kutoka kwenye adapta yake kinawaka na kwenda moja kwa moja kwenye video iliyomo kwenye kadi ya microSD. Kinaendeshwa na mfumo wake chenyewe uliotengenezwa kwa kazi hii tu, kwa hiyo hakuna ujumbe wa "sasisha programu" utakaotokea katikati ya tangazo. Kucheza kutoka kwenye kadi hakudai intaneti wala ada ya mwezi. Kwa duka lenye video moja inayojirudia, modeli ya LS au HD inatosha kabisa. Anayekusukumia XT, modeli ya juu zaidi, kwa kazi hiyo anakuongezea gharama tu. Ubaya wake ni bei, na pia huku kwetu wauzaji wake ni wachache.

2. Skrini za biashara za Samsung au LG zenye kichezeshi ndani. Vifaa vinapungua na kebo ya HDMI inaondoka. Hizi zimetengenezwa kuwaka saa 16 au 24 kwa siku, na kwenye mipangilio yake unachagua ziwake zenyewe umeme ukirudi. TV ya nyumbani haikuundwa kwa saa hizo, na mara nyingi dhamana yake haihusu matumizi ya biashara.

3. Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja. Ni chaguo zuri kwa mwenye fundi anayejua anachofanya. Chukua 4, usikimbilie 5: Pi 5 imeondolewa sehemu ya maunzi inayofungua video za muundo wa H.264, na hizo ndizo nyingi tulizonazo. Kazi hiyo inabebwa na prosesa.

Kinachoiangusha Pi ni mambo manne. Kwanza adapta: inahitaji volti 5.1 na ampea 3, chaja ya simu haitoshi. Ukiona alama ya radi kwenye kona ya skrini, umeme ni mdogo. Pili kadi ya SD: umeme ukikatika wakati inaandikwa, mafaili yanaharibika na Pi haiwaki tena. Ukimaliza kupanga kila kitu, ingia raspi-config (programu ya mipangilio ya Pi), washa Overlay File System, kadi isiandikwe tena.

Tatu, na hili mafundi wengi hulipita, ni TV gadi. Gadi huchelewesha umeme kufika kwenye TV. Pi iliyochomekwa ukutani moja kwa moja inawaka kabla ya TV, haioni skrini, na inaweza kubaki bila kutoa picha hata TV ikishawaka. Fungua faili la cmdline.txt, lile la maagizo ya kuwashia Pi lililomo kwenye kadi, na mwishoni mwa mstari uleule mmoja ongeza:

video=HDMI-A-1:1920x1080@60D

Herufi D ndiyo inayoilazimisha itoe picha hata isipoona skrini. Nne, Pi 4 haina saa ya ndani. Kama matangazo yako yana ratiba na hakuna intaneti, funga moduli ya saa ya DS3231 yenye betri.

4. Kompyuta ndogo. Kwenye BIOS (mipangilio ya ndani unayoingia kompyuta inapowaka) tafuta After Power Failure, weka Power On. Windows na masasisho yake ndiyo sababu ipo hapa chini.

5. Visanduku vya Android vya bei poa. Umeme ukirudi vinaishia kwenye menyu. Mwaka 2023 aina ya T95 ilibainika kuuzwa ikiwa na programu hasidi ndani. Acha.

Kama lazima utumie TV ya kawaida, ijaribu kabla hujatoa hela. Iwekwe kwenye HDMI, plagi ichomolewe ukutani, subirini dakika moja, irudishwe, na rimoti asiishike mtu. Ikibaki na taa nyekundu, omba waingie kwenye menyu ya hoteli (hotel mode, mipangilio iliyofichwa ya TV) waweke iwake yenyewe na ianzie HDMI 1. Kama menyu hiyo haipo, iache. Zima pia ile mipangilio inayoizima TV baada ya saa kadhaa bila rimoti kuguswa.

Video nayo isitoke WhatsApp: imebanwa, na kasi yake ya fremu mara nyingi hupandashuka, kwa hiyo inakwama-kwama. Chukua video asili, uigeuze hivi kwa ffmpeg, programu ya bure ya kugeuza video:

ffmpeg -i asili.mp4 -c:v libx264 -profile:v high -level 4.1 -pix_fmt yuv420p -r 25 -b:v 8M -maxrate 10M -bufsize 16M -an tangazo.mp4

Hiyo -an inaondoa sauti, ifute kama unaihitaji. Na kadi ya FAT32 haipokei faili la kufikia GB 4.

Wauzaji wananikera. Nukuu ya bei inaandikwa "seti kamili 4K", na ndani yake kuna kisanduku kisicho na jina, adapta isiyoandikwa ampea na kebo ya mita 15 isiyofikisha 4K. Ada ya programu, kwa dola, kwa kila skrini, kila mwezi, mteja anaisikia baada ya kulipa. Dai ada hiyo iandikwe kwenye nukuu, pamoja na modeli kamili ya kifaa. Na ukiomba wachomoe plagi mbele yako wakakataa, ondoka, maduka ni mengi.