Natural Church Development: dodoso linaloanza na mchungaji mwenyewe

Usharika ukitaka kukua, mara nyingi mazungumzo huanza na kiwanja, spika mpya au mkutano wa injili. Natural Church Development, chombo cha kupima afya ya kanisa kilichobuniwa na Mjerumani Christian Schwarz, huanzia kwingine. Watu 30 wa usharika mmoja hujaza dodoso, mchungaji hujaza la kwake, kisha majibu hurudi yakiwa mchoro wa sifa nane zenye alama. Chombo hiki kilitolewa mwaka 1996 baada ya utafiti katika makanisa 1,000 ya nchi 32, na kimetumiwa na Walutheri, Waanglikana, Wabaptisti na Wapentekoste. Ni chombo kizuri, na tunakipendekeza, ila kwa masharti.

Sifa zenyewe ni uongozi unaowezesha, huduma kulingana na vipawa, maisha ya kiroho yenye ari, miundo inayofanya kazi, ibada inayoinua, vikundi vidogo vinavyogusa maisha yote, uinjilisti unaojibu mahitaji, na mahusiano yenye upendo. Uzito uko kwenye sehemu ya pili ya kila jina. Kila kanisa lina uongozi na lina ibada. Kinachopimwa ni uongozi wa namna gani na ibada ya namna gani.

Uongozi unaowezesha ndio unaowauma wachungaji wengi. Maana yake ni kiongozi anayewakamilisha watakatifu kwa kazi ya huduma, kama Waefeso 4:12 inavyosema, wala si kiongozi anayewageuza wazee na wainjilisti kuwa wasaidizi wa mipango yake. Utafiti wa Schwarz ulikuta mambo mawili yaliyoleta ubishi. La kwanza, elimu rasmi ya theolojia ilienda sambamba na ukuaji mdogo zaidi. La pili, wachungaji wa makanisa yanayokua walikuwa tayari kupokea msaada wa mtu wa nje. Lile la kwanza lisifanywe sababu ya kudharau chuo, maana mambo mawili kwenda pamoja hakuthibitishi kwamba moja limezaa lingine. Hilo la pili lichukuliwe kwa uzito wote. Mchungaji asiyeweza kukaa na mshauri mara moja kwa mwezi na kuulizwa maswali magumu, asilipie dodoso hili.

Kazi huharibikia kwenye uchaguzi wa wale 30. Wanaotakiwa ni watu walio katikati ya maisha ya kanisa, wenye huduma wanayoifanya na wanaoshiriki kikundi kidogo. Mchungaji akiteua baraza la wazee lote na kujazia na kamati ya fedha, alama ya uongozi itapanda na ukweli utashuka. Gawanya hivi: wazee wasizidi 8, waliobaki watoke kwaya, umoja wa vijana, kinamama, walimu wa shule ya Jumapili na viongozi wa jumuiya. Usharika wenye mitaa minne, yaani vituo vinne vya ibada, usiwachukue wote 30 makao makuu, maana mtaa wa mbali humwona mchungaji mara moja kwa mwezi na majibu yao ni tofauti kabisa. Wote wajaze siku moja, bila jina, bila kushauriana, mchungaji asiwepo chumbani. Karatasi ziingie kwenye bahasha na kufungwa palepale, zikusanywe na mtu asiye mzee wa kanisa. Mtu akihofu kwamba mwandiko wake utatambuliwa, ataandika sifa tupu.

Eleza mapema pia nini maana ya kikundi kidogo. Kwetu jumuiya huzunguka nyumba kwa nyumba, na nyingine zimebaki kuimba, kusoma somo la wiki na kukusanya ahadi. Mtu anayehudhuria kila wiki atajipa alama ya juu, ilhali kinachotafutwa ni kama anaweza kusema pale kwamba ndoa yake inayumba au amefukuzwa kazi, na wenzake wakamshika mkono.

Matokeo yakija, kosa la kwanza huwa ni kuyasoma kama mtihani wa shule. Alama 50 si asilimia wala si nusu ya kufaulu. Ni wastani wa makanisa yaliyopimwa, na takriban theluthi mbili ya makanisa huangukia kati ya 35 na 65. Usharika wenye 58 uko juu ya wastani. Mchungaji akiisoma namba hiyo madhabahuni bila maelezo, waumini huondoka wakiamini wamepata daraja la tatu.

Baada ya hapo, tafuta sifa iliyo chini kuliko zote. Fikiria pipa la mbao zisizolingana urefu: hata ukimimina maji kiasi gani, yatamwagikia kwenye ubao mfupi. Fikra hii inatokana na Justus von Liebig, mkemia Mjerumani wa karne ya 19 aliyeeneza kanuni kwamba mavuno hubanwa na kirutubisho kilichopungua zaidi. Mkulima anaielewa bila mahubiri: shamba lililokosa fosforasi haliokolewi na mifuko ya urea, mbolea ya naitrojeni. Kanisa lenye ibada ya kuvutia na mahusiano makavu likinunua kinanda kingine linamwaga urea.

Ikiwa ubao mfupi ni uongozi, fanya hivi kwa miezi 12. Mchungaji aandike kila anachofanya kwa wiki mbili, hata kufungua stoo na kusaini vocha. Kisha achague kazi 3 ambazo si lazima azifanye yeye, kwa mfano kufundisha viongozi wa jumuiya, kutembelea wagonjwa, na darasa la wanaojiandaa kwa ubatizo. Kila kazi ipewe watu 2. Mwezi wa kwanza waangalie, wa pili wafanye pamoja naye, wa tatu wafanye yeye akiangalia, wa nne awaachie. Wakutane kila wiki mbili kwa saa moja kuzungumza kilichoenda vibaya. Kinachoua mpango huu ni kuwapa kazi bila mamlaka: mwinjilisti anaambiwa aongoze, lakini ufunguo, fedha ya nauli na neno la mwisho vinabaki ofisini. Weka kifungu chao kwenye bajeti na uandike ni maamuzi gani hawahitaji kumuuliza mtu.

Pima tena baada ya mwaka. Pointi mbili au tatu zikiongezeka msishangilie, kwa kuwa watu 30 wengine wangeweza kuleta tofauti hiyo bila chochote kubadilika.

Kuna mapungufu yasiyofichika. Wenye chombo hudai kwamba kanisa lenye alama 65 kwenye sifa zote nane hukua. Dai hilo limejengwa zaidi juu ya mambo yanayokwenda pamoja kuliko juu ya sababu zilizothibitishwa. Usharika wa Kibamba, pembezoni mwa Dar es Salaam, au Kitengela, karibu na Nairobi, hujaa kwa sababu nyumba zinajengwa kila mwezi, na wa kijijini hupungua vijana wakienda mjini, hata mchungaji awe mwema vipi. Waliokwishaondoka hawamo kati ya wale 30, nao ndio wangesema kilichowafukuza. Uwazi wa fedha hauna nafasi yake kati ya zile nane, wakati ugomvi wa sadaka umegawanya sharika nyingi kwetu. Ongezeni uchunguzi wenu wa mahesabu pembeni. Na mafundisho potofu yanaweza kufundishwa kwa ari na upendo mwingi, alama zikapanda.

Kanisa changa lisilo na wahudumu 30 wa kweli lisubiri. Usharika ambao mchungaji wake anatarajia uhamisho ndani ya mwaka nao usubiri, au uunde kwanza timu ya watu 5 hadi 7 itakayobaki na kazi. Kwenye makabidhiano ya ofisi, pamoja na orodha ya mali, vitabu vya sadaka na daftari la ubatizo, iwekwe ripoti ya dodoso, mpango wa miezi 12 na majina ya wale waliokuwa wakifundishwa, wamefikia mwezi wa ngapi.