Tahadhari: Gari lako likiingia maji, usiuziwe kontroli boksi kabla waya hazijapimwa mbele yako

Ninaandika kuwatahadharisha wenye magari ya zamani ya Kijapani, hasa walioko Dar es Salaam na miji mingine ambako masika hujaza maji barabarani na majumbani, juu ya utapeli ulionigharimu shilingi 780,000 pamoja na kifaa halali cha gari langu ambacho mpaka leo sijarudishiwa. Gereji iliyonifanyia hivyo sitaitaja, kwa sababu malalamiko yangu nimekwisha kuyafikisha panapohusika na sitaki kuyaharibu, lakini namna kazi yenyewe inavyofanyika nitaieleza yote, maana mtu akishaielewa hawezi kutapeliwa kwa njia hiyo hiyo.

Gari langu ni Toyota Mark II ya mwaka 1997, hii ambayo sote tunaiita GX 100. Katika masika ya mwaka 2024 lililala Tabata Kisiwani usiku wa mvua kubwa, na asubuhi nikakuta zulia lote limezama na maji yamegusa sehemu ya chini ya viti. Kwenye gari hili kompyuta ya injini, yaani kontroli boksi, imefungwa nyuma ya dashibodi upande wa abiria wa mbele, na wayaringi yake, yaani mkungu wa waya zake, inateremka ubavuni karibu kabisa na mahali abiria anapoweka miguu. Baada ya kukausha zulia kwa siku tatu nililiwasha, likawaka, lakini lilitetemeka likiwa sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, likatoa moshi mweusi, likanywa petroli kupita kawaida yake, na taa ya injini ikawa inawaka na kuzimika bila mpangilio.

Gereji niliyoelekezwa ilichomeka mashine ya kupimia, mashine ikashindwa kuwasiliana na gari, na hapo hapo nikaambiwa kwamba kontroli boksi imekufa. Sikupewa hata dakika ya kufikiri. Waliifungua wakiwa ndani ya chumba chao, wakaniletea ubao wenye ukungu wa kijani na michirizi iliyooza, wakaniambia huo ndio wa kwangu. Gharama wakazipanga hivi: kontroli boksi nyingine shilingi 450,000, wayaringi mpya shilingi 250,000, na kuiprogramu iendane na gari shilingi 80,000. Nililipa. Gari lilitembea siku kumi na moja, kisha likazimika Barabara ya Mandela saa mbili usiku, familia yangu ikiwa ndani.

Fundi wa pili, mzee mmoja ambaye kazi yake ni umeme wa magari tu, hakugusa mashine yoyote mwanzoni. Alifungua boneti, akatafuta kile kisanduku kidogo cha kupimia chenye maandishi ya TE1 na E1, akaunganisha matundu hayo mawili kwa kipande cha waya, akafungua swichi, na taa ya injini ikaanza kupepesa kwa kuhesabika: 22, 24 na 41. Kwenye Toyota za miaka ile, 22 ni sensa ya joto la maji, 24 ni sensa ya joto la hewa inayoingia, na 41 ni sensa ya throtili, yaani mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta. Akaniuliza swali ambalo gereji ya kwanza haikuniuliza: je, sensa tatu zinaweza kufa siku moja? Haziwezi, isipokuwa kwa nadra sana. Zinachoshirikiana hizo tatu ni waya mmoja wa kurudishia umeme kwenye kompyuta, unaoitwa E2, na waya huo ndio uliokuwa umeoza mahali unapopita ubavuni, pale pale maji yalipokaa.

Alinichania mpira wa waya nikaona kwa macho. Shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani kwa urefu wa karibu shubiri nzima, ingawa kwa nje waya ulionekana mzima. Alinieleza kwamba maji hayabaki pale yalipoingilia. Hupanda ndani ya waya kati ya nyuzi za shaba kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi, na yakikutana na umeme wa betri huanza kuila shaba. Ndiyo maana waya zenye umeme wa kudumu, ambazo hazikatiki hata ufunguo ukiwa mfukoni, huoza mapema kuliko nyingine, na ndiyo maana jambo la kwanza la kufanya gari likiingia maji ni kuchomoa kichwa cha betri, wala si kujaribu kuliwasha ili uone kama ni zima. Mimi nilijaribu kuliwasha, na kwa hilo nililiongezea gari langu madhara.

Moshi mweusi nao ukapata maelezo. Sensa ya joto la maji ya Toyota hizi huwa na ukinzani wa takriban kilo-omu 2 hadi 3 injini ikiwa kwenye nyuzi 20, na hushuka hadi kati ya kilo-omu 0.2 na 0.4 inapofika nyuzi 80. Waya uliooza huongeza ukinzani wake juu ya ule wa sensa, kompyuta ikadhani injini ni ya baridi muda wote, ikaendelea kumimina petroli. Kwa hiyo kontroli boksi yangu ya asili ilikuwa inafanya kazi sawasawa, ila ilikuwa inapelekewa habari za uongo.

Na hiyo yangu ya asili haikuwemo tena ndani ya gari. Hili ndilo jambo lililoniuma kuliko fedha. Nilikuwa na picha niliyoipiga mwaka 2021 wakati wa kubadilisha feni ya kiyoyozi, inayoonyesha kibandiko cha kontroli boksi chenye namba inayoanza na 89661, kama zilivyo kompyuta nyingi za injini za Toyota, na tulipolinganisha tukakuta tarakimu za mwisho ni tofauti. Niliyofungiwa ilikuwa ya gari jingine, imepakwa vanishi nene kuficha mahali palipooza, na hata ubadilishaji wa gia ulikuwa umeanza kuchelewa kwa sababu kompyuta hiyo hiyo ndiyo inayosimamia gia za otomatiki kwenye gari hili. Ule ubao wa kijani nilioonyeshwa siku ya kwanza sina shaka ni wa maonyesho, na kwamba umekwisha kuonyeshwa kwa wengi kabla yangu. Kontroli boksi nzima ya mteja huchukuliwa, mteja hulipishwa mbovu, na ile nzima huuzwa kwa mtu mwingine kama spea ya mtumba.

Ile wayaringi mpya ya shilingi 250,000 haikuwa wayaringi. Walikata waya sita, wakaziunganisha kwa kuzisokota na vipande vya waya wa nyumbani, wakazungushia tepu nyeusi. Waya wa nyumbani una uzi mmoja mgumu wa shaba au nyuzi chache nene, haukutengenezwa kuvumilia mtikisiko wa gari, na kiungo kilichosokotwa bila kuchomelewa hulegea. Kwenye viungo hivyo ndiko gari lilikokatikia umeme Barabara ya Mandela.

Malipo ya kuprogramu ndiyo rahisi kuyabaini. Kwenye gari la namna hii lisilo na ufunguo wenye chipu, kontroli boksi ya mtumba yenye namba zinazolingana huchomekwa na gari likawaka. Hakuna programu inayoingizwa na fundi yeyote. Kwa magari yenye ufunguo wa chipu hali ni tofauti, kwani kompyuta, ufunguo na kisomeo chake hutambuana, na huko kazi ya kuvioanisha ni ya kweli na inastahili kulipiwa. Mwulize fundi gari lako liko upande gani, na umwangalie anavyojibu.

Ningependa pia mtu asitishwe na ile mashine. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani kabla ya mwaka 2000 hayazungumzi lugha moja na mashine za siku hizi, hivyo mashine kushindwa kuwasiliana si ushahidi wa lolote. Na hata kwenye gari ambalo mashine yake inalikubali, kuna hila ninayoomba muishike vizuri. Kompyuta hupeleka volti 5 kwa sensa kadhaa kupitia waya mmoja unaoitwa VC. Sensa moja tu ikiingia maji na kupiga shoti, au waya huo ukigusa bodi, yaani chuma cha gari, umeme huo huanguka, na kwenye Toyota nyingi taa ya injini huacha kuwaka kabisa hata ukifungua swichi, gari likagoma kuwaka, mashine ikakosa mawasiliano. Ukiiona hali hiyo utaapa kwamba kompyuta imekufa. Fundi mwaminifu huchomoa sensa moja baada ya nyingine na kuangalia kama taa itarudi. Asiye mwaminifu huchomoa kontroli boksi yako na kukutajia bei. Fyuzi ya EFI, yaani ya mfumo wa petroli unaoendeshwa na kompyuta, na relei yake navyo hupimwa kabla ya hapo, na ni kazi ya dakika chache.

Kwa hiyo, kabla hujakubali kununua chochote, taka multimita, yaani kipimo cha umeme, iwekwe mbele yako. Umeme wa sensa uonekane kati ya volti 4.5 na 5.5. Waya za bodi zipimwe kutoka kwenye soketi ya kompyuta mpaka kwenye chuma cha injini. Soketi yenyewe ichomolewe uangalie pini: ukijani kwenye pini ni alama ya waya za kufuatiliwa, si hukumu ya kompyuta. Kama boksi lazima ifunguliwe, ifunguliwe machoni pako, na uwe umepiga picha ya kibandiko, ya skrubu na ya ubao. Ubao uliolowa bila kuoza mara nyingi huokolewa kwa kusafishwa na spiriti safi isiyo na maji na kukaushwa taratibu kabla ya kupelekewa umeme. Kifaa chochote kilichotolewa, hata kikiwa kibovu kweli, ni mali yako, ondoka nacho. Dai pia risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki ya kodi. Mimi nilipewa karatasi ya kawaida yenye mhuri usiosomeka, na karatasi hiyo imenisumbua sana katika kudai haki yangu.

Fundi wa pili alikata waya zote zilizooza mpaka alipofikia shaba nyekundu inayong'aa, akaweka waya za magari zenye unene ule ule, akachomelea kila kiungo kwa risasi, akavisha mirija ya plastiki inayosinyaa kwa joto, kisha akaupandisha mkungu mzima juu zaidi ya sakafu. Alinitoza shilingi 120,000. Kontroli boksi ya mtumba yenye namba zilizolingana niliinunua mwenyewe kwa shilingi 180,000, na gari sasa linatulia sailensa bila taa yoyote.

Ile ya asili bado ninaitafuta. Ni ya GX 100 ya otomatiki, na kwenye kona moja ya kasha lake kuna skrubu yenye kichwa cha nyota iliyo tofauti na nyingine tatu, ambayo niliiweka mimi mwenyewe baada ya ya awali kupotea. Aliyeuziwa kontroli boksi yenye alama hiyo kuanzia Mei 2024 simhesabii kosa lolote na sitamdai airudishe. Ninachomwomba ni kunieleza aliinunua wapi na kunipa picha ya risiti yake, kama alipewa.