Vitabu vya Kutuliza Kichwa Kwenye Poka: Kipi Ununue Kwanza

Poka ninayoizungumzia siyo ile ya barazani ya kulishana mbili na tatu hadi mtu apige kelele "niko kadi". Ni ile ya karata mbili mkononi na tano mezani, ya pesa, inayochezwa kasino na, hapa Malindi, kwenye vibaraza vya nyumba mbili tatu upande wa Casuarina. Sheikh wa mtaani kwetu ana neno lake juu ya mchezo huu, na mimi sibishani naye. Naandikia wale ambao tayari wanacheza, kwa pesa waliyoiweka kando wakijua huenda isirudi. Kama pesa yenyewe ni karo ya mtoto, hakuna hata kimoja kati ya vitabu hivi kilichoandikwa kwa ajili yako.

Kila nikionekana na kitabu naulizwa swali lile lile: hivi vitabu vya akili, vya kuzuia hasira, vinalipa? Nimenunua vitano kwa miaka sita. Viwili vimerudisha bei yake. Kimoja nilikipenda tu, kama mtu anavyopenda hadithi. Viwili vilivyobaki ningeviazima.

Kabla hujatoa shilingi yako, hebu tuanzie mezani.

Usiku mmoja mwaka jana nilikuwa na ree mbili, ya shupaza na ya kopa. Mkono bora kuliko wote kabla karata za mezani hazijafunuliwa, na unaupata kama mara moja katika kila migao 221. Mzee mmoja Mtaliano, aliyekaa Malindi hadi Kiswahili chake kimekuwa cha Maweni kabisa, akasukuma chipu zake zote katikati. Nikamfuata. Akafunua kingi mbili. Karata nne zikaanguka bila neno, ya tano ikawa kingi ya uru: kingi tatu, dhidi ya ree zangu mbili. Mzee akasema "pole, mwanangu", na ile pole ndiyo iliyoniunguza. Nilisikia masikio yakiwaka. Nusu saa iliyofuata nilicheza kila takataka niliyogawiwa, hata saba na mbili, nikimwinda yule mzee peke yake kana kwamba wengine wamekwenda kulala. Kiingilio cha meza yetu, yaani chipu unazoanza nazo, ni shilingi 2,000. Niliondoka nimepoteza viingilio vitatu.

Sasa hesabu. Ree mbili zikikutana na kingi mbili hushinda kama mara 82 katika 100. Hizo 18 zilizobaki si uchawi. Zinatokea mara nyingi kidogo kuliko kupata sita kwa dadu moja. Kwa hiyo zile 2,000 za kwanza hazikuwa kosa langu, na hakuna kitabu duniani ambacho kingezirudisha. Ningepewa mkono ule leo ningeucheza vile vile. Zile 4,000 za baadaye ndizo kitabu cha akili kinazoweza kuokoa, na thamani yake inapimwa kwa hizo tu.

Ndiyo maana namwambia kila anayeniuliza anunue kwanza daftari. Baada ya kila usiku andika mistari miwili: kiasi ulichopoteza ukiwa mtulivu, na kiasi ulichopoteza baada ya jazba kupanda. Fanya hivyo mara kumi. Kaka mmoja anayeuza vipuri vya tuktuk kule Ngala alinijia akitaka "kile kitabu cha hasira". Nikamwomba daftari lake. Usiku kumi, hasira mara moja tu, na bado alikuwa amepoteza usiku nane. Alikuwa akifuata kila dau linalopandishwa kwa karata yoyote, kwa roho nyeupe kabisa.

"Kaka," nikamwambia, "wewe huna hasira. Wewe hujapiga hesabu."

Alinuna, lakini alikwenda kutafuta kitabu cha hesabu za poka. Mtu wa namna yake akinunua vya akili atakuwa anapoteza pesa kwa utulivu mkubwa zaidi.

Haya, daftari likikuonyesha kwamba jazba ndiyo inayokula, orodha yangu ni hii.

Cha kwanza: The Mental Game of Poker, Jared Tendler na Barry Carter (2011)

Tendler hakutokea kwenye poka. Alisomea ushauri nasaha, na kabla ya kukutana na watu wa karata alikuwa akiwafundisha wacheza gofu namna ya kudhibiti akili. Inaonekana. Hakwambii "tulia" halafu akakuacha hapo. Anakuuliza umekasirishwa na nini hasa.

Wachezaji huiita hali ile ya kucheza kwa jazba tilti, neno lililotoka kwenye mashine za zamani za mchezo wa gololi, zilizokuwa zikigoma mchezaji akizitikisa kwa hasira. Tendler anaigawa katika aina saba. Kuna ya mfululizo wa mikosi, ya kuona umeonewa, ya kuchukia kushindwa kwenyewe, ya kujikasirikia kwa kosa ulilofanya, ya kujiona unastahili kushinda kwa sababu wewe ni hodari kuliko wenzako, ya kisasi, na ya kukata tamaa, pale mtu anapotaka kurudisha kila kitu usiku huo huo. Mimi nilidhani nina hasira tu, moja, kama homa. Kumbe usiku ule nilianza na ya kuonewa, nikaingia kwenye ya kisasi, na saa sita usiku nikawa kwenye ya kukata tamaa. Kila moja ina mlango wake, na kila moja ina dalili zinazotangulia. Kwangu ni masikio. Kwa mwenzangu mmoja ni mguu wa kulia: ukianza kucheza chini ya meza, jua kimeumana.

Jambo jingine lililonikaa ni mfano wa kiwavi. Mchezo wako una kichwa, yaani siku zako nzuri kuliko zote, na una mkia, siku zako mbovu. Kiwavi husogeza kichwa mbele, kisha anavuta mkia. Wengi wetu tunanyoosha kichwa tu, tukijifunza ujanja mpya kila wiki, na mkia umebaki pale pale ulipokuwa mwaka juzi. Tendler anakutuma ukavute mkia.

Ubaya wake? Kinachosha. Anarudiarudia, na kurasa nyingine zinasomeka kama fomu ya hospitali. Tena ni kitabu cha kuandika, si cha kusoma: anataka uorodheshe dalili zako, kosa la kimawazo lililo chini yake, na sentensi ya kujirudisha sawa, uisome kabla ya kukaa mezani. Yangu imebandikwa ndani ya jalada la daftari: *Akinifuata na karata mbovu akashinda, hao ndio wanaonilipa siku nyingine.* Asiyependa kalamu asikinunue. Kuna juzuu ya pili ya 2013, inayohusu zaidi kujifunza na kucheza katika kilele chako. Usinunue zote mbili kwa pamoja. Ya kwanza pekee ina kazi ya mwaka.

Cha pili: Elements of Poker, Tommy Angelo (2007)

Angelo ni mchezaji, si mshauri, na anaandika kama mtu anayezungumza na wewe kahawani, vipande vifupi vifupi, na mzaha ndani yake. Wazo lake kubwa ni kwamba faida inatoka kwenye tofauti. Mimi na wewe tukipata karata zile zile na tukazicheza sawasawa, mwisho wa mwaka hakuna aliyemzidi mwenzake. Pesa inahama pale tu mmoja anapofanya tofauti, na tofauti hizo si za karata peke yake: nani anaondoka akichoka na nani anabaki, nani ananyamaza na nani anamfundisha mpinzani wake bure kwa kumweleza alikosea wapi.

Hilo la kuondoka ndilo lililonilipa. Angelo anaichukulia kazi ya kuinuka kitini kuwa ustadi kama kupiga mkwara. Siku hizi kwenye meza yetu wananijua: masikio yakiwaka nakwenda nje, nasikiliza bahari dakika tano. Yasipopoa, naomba tuktuk. Wanacheka, lakini mwaka huu sijapoteza viingilio vitatu usiku mmoja hata mara moja.

Kama utanunua kimoja tu na hupendi mazoezi ya kuandika, kiwe hiki.

Cha tatu: The Biggest Bluff, Maria Konnikova (2020)

Huyu ni msomi wa saikolojia aliyeingia kwenye poka bila kujua chochote, akafundishwa na Erik Seidel, mmoja wa wachezaji wakubwa wa Marekani, na mwaka 2018 akashinda shindano kule Bahamas na dola 84,600. Ni hadithi yake mwenyewe, na imeandikwa vizuri kuliko vingine vyote hapa. Basi la Mombasa, kilomita zile 120, halikunichosha. Kukuponya jazba, hakitakuponya. Kitakufanya uone jinsi bahati ilivyo kubwa kuliko tunavyokubali, na labda umsamehe yule mwenye kingi ya uru.

Cha nne: Thinking in Bets, Annie Duke (2018)

Duke alishinda bangili, tuzo ya mshindi, ya mashindano makubwa ya poka yaitwayo World Series of Poker mwaka 2004, lakini kitabu hiki ni cha maamuzi, si cha poka. Kiini chake ni kimoja: usiupime uamuzi kwa matokeo yake. Mvuvi anayetoka na ngalawa kusi likiwa limechafua bahari, akarudi na jodari mkubwa, hajafanya uamuzi mzuri, amerudi tu. Wavuvi wa hapa hawahitaji kitabu kulijua hilo. Mfanyabiashara atafaidika nacho zaidi ya mcheza karata. Azima.

Cha tano: The Psychology of Poker, Alan Schoonmaker (2000)

Kinakusaidia kuwasoma wengine, nani mwoga na nani mkali, kuliko kujisoma mwenyewe. Kimezeeka kidogo.

Watu huniuliza pia kuhusu kile cha Mike Caro cha kusoma ishara za mwili, cha 1984. Hakimo kwenye orodha kwa sababu kinahusu uso wa mwenzako, na huku tunazungumzia kichwa chako.

Sasa cha kununua vipi. Maduka ya vitabu hapa mjini yanaishi kwa vitabu vya shule, kwa hiyo utaagiza. Tendler wa karatasi alinigharimu zaidi ya shilingi 4,000 pamoja na usafiri, yaani viingilio viwili vya meza yetu. Mzigo ulikaa wiki tatu kwenye ofisi ya vifurushi ambayo sitaitaja, chini ya paa linalovuja, na nilipoufungua kitabu kilikuwa kimeumuka kama hamri. Nikakianika kibarazani. Upepo wa chumvi ukamalizia gundi ya mgongo, na leo sura ya hofu inatoka peke yake kama kijitabu. Tangu hapo Angelo na wengine nimewanunua vya kusomea kwenye simu: bei ni nafuu, vinafika papo hapo, na nondo hawali simu. Tendler peke yake bado ningemchukua wa karatasi, kwa sababu ya kuandika pembezoni. Mwambie anayekuletea akifunge kwa nailoni mara mbili, na ukipata mtu anayetoka Nairobi na begi lake mwenyewe, mpe yeye.

Mkitaka kuniazima cha kwangu, mmechelewa. Yule kaka wa vipuri alimaliza kitabu chake cha hesabu, akaanza kushinda, na alipoanza kushinda akaanza kukasirika. Kilichobaki cha Tendler kiko kwake tangu Ramadhani. Ile sura ya hofu tu ndiyo iliyosalia kwangu, ilianguka akikibeba.