Darasa la Mifumo ya Uchaguzi, Moshi: Jumamosi tatu na bakuli la buni

Mwaka 2015 nilikuwa karani kwenye kituo cha kupigia kura hapa wilayani. Usiku ule, tulipomaliza kuhesabu, macho yangu yalibaki kwenye fungu la kura za mgombea ubunge aliyeshindwa. Zilikuwa nyingi. Tukazifunga, tukapiga lakiri, kazi ikaisha. Lakini wale watu walipanga foleni tangu alfajiri! Niliposikia kuna mwalimu mstaafu wa uraia anawafundisha watu wazima namna nchi mbalimbali zinavyogawa viti vya bunge, nilitoa shilingi 15,000 bila kuomba kupunguziwa.

Darasa lipo chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya shule, si mbali na mnara wa saa. Tulikuwa kumi na wawili, kuanzia mafundi cherehani hadi kijana wa bodaboda.

Mwalimu haandiki sana ubaoni. Alipanga sahani kumi mezani, kila moja jimbo, akaweka maharage sita na buni nne katika kila sahani. Akaniambia, "Mama, tangaza washindi." Nikatangaza: maharage, maharage, mpaka sahani ya kumi. Kisha akanikabidhi buni zote arobaini nizishike. Arobaini kati ya mia, na kiti hata kimoja hazina. Mkono ulikuwa umejaa.

Hapo ndipo akaileta Lesotho. Mwaka 1998 chama cha LCD kilipata kura kama asilimia 60, kikabeba viti 79 kati ya 80. Wapinzani wakakataa, Maseru ikachafuka, hadi majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia. Wabasotho hawakuyafuta majimbo yao. Waliongeza viti 40 vya uwiano, yaani vinavyogawiwa vyama kwa kufuata kura zao za nchi nzima, na mwaka 2002 chama cha BNP, ambacho hakikushinda jimbo hata moja, kikaingia bungeni na wabunge 21. Somo hilo peke yake lilitosha kurudisha ada yangu.

Uingereza alituonyesha kwa haraka: mwaka 2024 chama cha Reform kilipata kura zaidi ya milioni nne na viti vitano, Liberal Democrats kura milioni tatu na nusu na viti 72, kwa kuwa kura zao zilirundikana kwenye majimbo waliyoyalenga. Ujerumani nako uwiano una mlango wake: kwa kawaida chama kifikishe asilimia 5 ya kura ndipo kipate mgawo. Mwaka 2025 chama cha FDP kilipata asilimia 4.3 kikabaki nje.

Jumamosi ya mwisho ilikuwa ya urais. Kenya mgombea anahitaji zaidi ya nusu ya kura, pamoja na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47, ndiyo maana miungano yao husukwa mapema na kuvuka makabila. Sisi tulikuwa na sharti la zaidi ya nusu, likaondolewa mwaka 2000. Sasa ni wengi wape.

Nina lalamiko moja, na si dogo. Viti maalum vilipewa dakika kumi tu, watu wakiwa tayari wanatafuta viatu. Na jibu langu lilikuwa humo! Kura za ubunge hujumlishwa nchi nzima, na chama kinachofikisha asilimia 5 hupata mgawo wa viti vya wanawake kulingana na kura zake. Kumbe lile fungu la 2015 lilikuwa na kazi bado. Ila majina ya wanawake hao hayapo kwenye karatasi ya kura, chama ndicho kinachoyapanga, na hapo nilitaka tubishane saa nzima.

Nampa nyota nne kati ya tano. Awamu nyingine inaanza mwezi ujao. Njoo na mto wa kukalia, benchi ni za mbao tupu, na muulize viti maalum Jumamosi ya kwanza, kabla sahani hazijapangwa.