Mwaka mmoja na Airbyte na BigQuery kwenye kampuni ya vinywaji vya jumla, nimeona haya

Niseme mapema mimi sio mtu wa IT, mimi ni mhasibu tu ambaye bosi aliona anajua Excel kuliko wengine basi nikaachiwa mzigo. Kampuni yetu inauza vinywaji kwa jumla, stoo tatu, Dar, Morogoro na Dodoma, na kila kitu kiko klaudi, tatizo kila kitu kiko kwenye klaudi yake. Hesabu ziko QuickBooks Online, wateja na maofisa mauzo wako HubSpot, safari za magari ziko Google Sheets ambayo kila mtu anaifungua na kila mtu anaiharibu kwa zamu, halafu oda na ankara zinatoka kwenye programu nyingine ya mauzo ambayo sitaitaja jina. Kila Jumatatu nadaunlodi mafaili manne, namwaga Excel, VLOOKUP mpaka macho yanauma, saa sita mchana ndo napata jibu la swali alilouliza bosi saa mbili asubuhi na kufika hapo yeye ameshauliza lingine. Na Excel yenyewe mwisho wake ni mistari 1,048,576, mistari yetu ya ankara ilishapita hapo, kuna kiujumbe kinatokea kwamba faili halijafunguka lote ila nani anasoma, mtu anabonyeza OK anaendelea na maisha.

Dawa ni kitu kinachovuta data kutoka kila programu na kuimwaga sehemu moja, na kazi hiyo ndiyo ya Airbyte, ila kabla yake tulijaribu huduma moja ya kulipia, jina naliacha. Kuiunganisha ilikuwa raha kweli, unabonyeza, unaweka pasiwedi, dakika kumi data inashuka. Shida ni namna wanavyopiga bei, unalipia kila mstari ulioguswa ndani ya mwezi, haijalishi umeongeza mpya au umebadilisha herufi moja. Mwezi wa kwanza dola 120, wa pili dola 120 na chenji, wa tatu msimamizi wetu wa mauzo akaamua kupanga wateja upya kwa kanda, akachagua wote, akabadilisha kolamu moja, kazi ya dakika mbili akaenda zake kunywa chai. Bili ikaja dola 410. Nikawaandikia, wakanijibu kwa upole kabisa na linki ya ukurasa wa bei, na kweli imeandikwa. Siwezi kusema waliniibia, ila ukiona bei inahesabiwa kwa mistari, kabla hujatoa kadi ya benki uliza hapo ofisini nani ana tabia ya kubadilisha vitu kwa mkupuo.

Sasa Airbyte. Hii ni programu ambayo kodi yake (yale maandishi ya ndani ya programu, sio kodi ya TRA) iko wazi, ilianza 2020, unaweza kulipia ile inayokaa kwao au ukaisimika mwenyewe bure kwenye seva yako. Sisi tukasimika wenyewe, kijana wa IT alikuja jioni moja, akaandika amri ya abctl, ile ya Airbyte ya kuisimika, ikajipanga yenyewe juu ya Docker (programu ya kuendesha programu nyingine ndani ya vyumba vyake), tukasubiri, ikafunguka kwenye brauza. Wanapendekeza CPU 4 na RAM ya GB 8 na mimi nakwambia wasikilize. Tuliiweka kwanza kwenye kompyuta ya ofisini ya RAM ya GB 4, ikawa inahema kama fuso la simenti linapanda Kitonga, na umeme ukikatika saa tisa usiku hakuna anayejua mpaka asubuhi. Tukahamia seva ya kukodi, dola 48 kwa mwezi, na hiyo ndo gharama kubwa kuliko zote kwenye mpango mzima.

Maana huku BigQuery, ghala la data la Google ambako Airbyte inamwaga kila kitu, kwa saizi yetu ni kama bure. Kila mwezi wanakupa GB 10 za kuhifadhi na TB 1 ya kuuliza maswali bila malipo, data yetu ya miaka minne haijafika hata GB 6. Ila weka kadi mapema hata kama hutatozwa senti, ukibaki kwenye ile sandbox ya wasio na kadi majedwali yanajifuta baada ya siku 60 na pia amri za kubadilisha data hazikubali, kwa hiyo Airbyte ikitaka kuondoa marudio inagonga mwamba. Kingine chagua eneo kwa akili, ukishatengeneza dataset (kabati la majedwali) hubadilishi mahali ilipo, inabidi unakili yote upya sehemu nyingine. Mimi kwa haraka niliacha Marekani, baadaye mwanasheria wetu akauliza taarifa za wateja zinakaa wapi, si unajua tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Tukanakili kwenda Johannesburg ambako Google wana kituo tangu 2024. Bado ni nje ya nchi kwa hiyo maswali ya mwanasheria hayakuisha, ila namba za simu za wateja nilizitoa kabisa, kwenye Airbyte unaondoa tiki kwenye kolamu usiyoitaka na haivutwi.

QuickBooks, HubSpot na Sheets zina konekta tayari, yaani kiunganishi cha kuvutia data, sina la kusema, zimefanya kazi. Ile programu ya mauzo haikuwa nayo. Airbyte ina sehemu ya kujitengenezea konekta bila kuandika kodi, unajaza anuani ya API (mlango ambao programu inatolea data kwa programu nyingine), tokeni ambayo ni kama pasiwedi, halafu unaielekeza namna ya kwenda ukurasa unaofuata, maana majibu yanakuja kwa kurasa. Hapo kwenye ukurasa unaofuata ndo palinitoa jasho. Nilisahau kupajaza, ikavuta ankara 100 ikaandika imefanikiwa, kijani kabisa, nikampigia hadi mke wangu simu. Ankara 100 kwa kampuni inayotoa 200 kwa siku! Tangu hapo kijani siiamini mpaka nihesabu.

Halafu ikaja ishu ya saa, na hii naona wengi wanaumia kimyakimya. Magari yetu ya Dodoma yanapakia usiku, ankara zinakatwa saa saba, saa nane usiku ili yaondoke kabla ya foleni. Mwisho wa Machi mauzo ya dashibodi (ukurasa wa michoro unaosoma BigQuery) na ya QuickBooks yakagombana, sio kwa hela ndogo. Nikamuuliza kijana wa stoo hii ankara uliikata lini, akasema tarehe moja Aprili saa nane usiku, anakumbuka kabisa maana ilikuwa sikukuu ya wajinga wakataniana na dereva. Dashibodi inasema 31 Machi 23:00, yaani saa tano usiku. Nikamuona mwongo. Kumbe wote wakweli, programu inahifadhi muda wa UTC, ile saa ya pamoja ya dunia, sisi tuko mbele masaa matatu, kwa hiyo kila kinachouzwa kati ya saa sita na saa tisa usiku kinahesabiwa cha jana. Siku za kawaida hakuna anayeshtuka, mwisho wa mwezi ndo balaa kwa sababu na VAT inaenda kwa mwezi. Dawa yake ni fupi, kwenye swali la BigQuery badala ya DATE(muda) unaandika DATE(muda, 'Africa/Dar_es_Salaam') basi. Maneno hayo yalinigharimu wikiendi mbili.

Na hili la kufuta, kitaalamu ni udhaifu ila mimi ndo lilinikosha kuliko yote. Ukiiambia Airbyte ivute vilivyobadilika tu, inaenda kwenye programu inasema nipe vyote vilivyoguswa tangu nilipokuja mara ya mwisho. Ankara iliyofutwa moja kwa moja haipo tena, haiwezi kujitaja, kwa hiyo nakala ya jana inabaki BigQuery kama vile hakuna kilichotokea. Mwezi Juni mauzo ya stoo moja yakawa juu kwenye dashibodi kuliko kwenye programu kwa milioni 3 na laki 4. Siku mbili nahangaika nikijua kosa ni langu, nimeangalia marudio, nimeangalia kama kuna mahali nimechukua bei na VAT na mahali bila VAT (hiyo ilishanikuta, ukigawanya namba kubwa kwa ndogo ukapata 1.18 kamili usitafute mchawi), hamna kitu. Mwisho nikapanga orodha mbili pembeni kwa pembeni, ankara zilizopo BigQuery ambazo programu yenyewe haizijui. Kumi na saba. Zote za keshi, zote za jioni, na ile kolamu ya _airbyte_extracted_at inayoonyesha mstari ulivutwa muda gani ilisema saa nne usiku zilikuwepo, asubuhi zimeyeyuka. Mengine ni ya ofisi siyaandiki hapa, ila kuanzia siku ile bosi hajauliza tena hizi dola 48 ni za nini. Sasa hivi kila Jumapili navuta zote upya kwenye jedwali la pembeni makusudi nilinganishe.

Nikipewa nyota tano Airbyte naipa nne. Ile moja naikata kwa sababu unahitaji mtu. Sio lazima awe injinia ila mtu wa kuangalia kila asubuhi, maana bomba likiziba halipigi kelele usipoliwekea arifa. Sisi konekta ya HubSpot iliunganishwa kwa akaunti ya dada wa masoko, dada akapata kazi kwingine, akaunti yake ikafungwa kama utaratibu unavyotaka, siku tisa data haishuki na dashibodi inapendeza tu na namba zake za zamani. Uzembe wetu kabisa. Fungua akaunti ya kampuni isiyo ya mtu, unganisha kwa hiyo, na weka arifa iende kwenye barua pepe inayosomwa. Na kama huna huyo mtu wa asubuhi afadhali ulipie ya klaudi, au ubaki na Excel yako kwa amani, wala sikucheki.

Michoro tunachora Looker Studio, ile zamani iliyoitwa Data Studio kabla ya 2022, bure, inashikana na BigQuery bila maneno. Angalizo moja tu, yenyewe inakaa na kumbukumbu ya majibu, kwa BigQuery usipogusa mipangilio ni masaa 12, kwa hiyo data inaweza kuwa imeshafika ghalani na mtu bado anaangalia ya asubuhi. Punguza hiyo kabla hujaanza kulaumu Airbyte kama mimi.

Malipo ya simu bado ni ya mkono. Dada wa keshia anadaunlodi taarifa ya lipa namba kila asubuhi anaipesti kwenye Sheets, Airbyte inaichukua hapo, sio kitu cha kujivunia lakini kinakwenda, siku akiumwa naipesti mimi.

Na bosi je, aliyetaka yote haya? Dashibodi ameifungua mara mbili, zote mbili mimi nikiwa nimesimama nyuma ya kiti chake. Anataka skrinshoti WhatsApp saa mbili asubuhi, mauzo ya jana kwa stoo zote tatu, na ikipita saa mbili na robo anatuma alama ya kuuliza.

?

Hivyo tu.