Sola gani ununue Dodoma: mono, poli au utando mwembamba?

Ukienda kununua sola Majengo au Sabasaba, beba futi kamba. Jua kali la mchana hutoa takriban wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba, na paneli nzuri za madukani hugeuza asilimia 20 hadi 22 tu ya hizo kuwa umeme. Basi pima urefu, zidisha kwa upana. Paneli ya sentimita 100 kwa 50 ni nusu mita ya mraba, haiwezi kuzidi wati 110 hivi. Ikiwa na kibandiko cha wati 200, kibandiko hicho ni cha uongo hata muuzaji akiapa. Mimi niliuziwa ya namna hiyo, nikampelekea mama Chamwino. Taa zikawaka vizuri, ila televisheni ilikuwa inazima kabla taarifa ya habari haijaisha, na mama akadhani yeye ndiye anayekosea kuiwasha. Iliniuma sana.

Namba moja kwangu ni mono, zile nyeusi. Zinachukua nafasi ndogo juu ya bati, mafundi wanazijua, na hata Kondoa au Mpwapwa hukosi ya kuongezea.

Namba mbili ni poli, zile za bluu zenye mabaka. Hutoa asilimia 15 hadi 17. Nunua kama bei imepungua kweli na paa lina nafasi.

Namba tatu ni utando mwembamba, na hapa watu wengi wanachanganywa. Badala ya vipande vya silikoni kama vya mono na poli, kioo hupakwa tabaka la unene wa maikromita chache tu. Aina bora ni ya kadmiamu teluridi, ambayo kampuni ya Marekani ya First Solar huitengeneza kwa wingi, na siku hizi inakaribia mono kwa ufanisi. Lakini soko lake kubwa ni mitambo mikubwa ya umeme. Pia volti zake ni za juu, kontrola ndogo ya volti 12, yaani kifaa kinachodhibiti umeme unaoingia kwenye betri, haiziwezi.

Aina ya utando utakayokutana nayo zaidi dukani ni silikoni ya amofasi, ya rangi ya kahawia iliyoiva, na hiyo naiweka mwisho. Muuzaji atakwambia inavumilia joto, na hapo hasemi uongo. Paneli hupimwa kiwandani kwa nyuzi 25, lakini juu ya bati letu mwezi wa kumi inaweza kufika 65. Kwa joto hilo mono ya wati 100 hubaki na 86 hivi, amofasi na 92. Faida yenyewe ni hizo wati sita. Hasara ni kwamba ufanisi wake ni asilimia 6 hadi 8, hivyo inataka paa karibu mara tatu, na miezi ya mwanzo juani hupoteza sehemu ya nguvu yake.

Betri za utando mwembamba zipo pia, ila ni za vifaa vidogo sana. Za nyumbani, chukua lithiamu ya chuma fosfati ukiweza. Yenye volti 12 na Ah (ampea-saa) 100 inabeba Wh (wati-saa) 1,200, na unaweza kutumia asilimia 80. Betri ya maji ya ukubwa huohuo usiishushe chini ya nusu, na usiiweke kwenye chumba chenye joto, maana joto huila upesi.

Wakati wa kufunga, mwambie fundi aache sentimita kumi kati ya paneli na bati ili upepo upite. Kuanzia Mei hakuna mvua ya kuosha vumbi, kwa hiyo futa mwenyewe asubuhi kioo kikiwa bado baridi. Ukiosha kwa maji ya kisima chenye chumvi, kausha kwa kitambaa, la sivyo kioo kitabaki na ukungu mweupe.